Sumu tunayoifungia kwenye mfuko wa taka

Siku ya kuzoa taka ikifika, mkokoteni hupita mitaa ya Makadara jijini Nairobi, yaani Maringo, Jericho, Jerusalem, Mbotela na Ofafa, ukisukumwa na vijana wa mtaa. Kila nyumba hutoa mfuko wake. Ndani mna maganda ya viazi, ugali uliolala, nepi za mtoto, karatasi na chupa za maji. Mara nyingi mna pia vitu ambavyo havikustahili kuwa humo: betri za rimoti, balbu iliyoungua, tembe zilizosalia mgonjwa alipopona, mkebe wa rangi iliyoganda, kopo la dawa ya mende, sindano ya mgonjwa wa kisukari. Vyote hufungwa kwa fundo moja, na fundo likishakazwa mwenye nyumba huhesabu kwamba yake yamekwisha.

Hayajakwisha, yamemhamia mwingine. Kijana wa mkokoteni huufungua mfuko huo kwa mikono mitupu ili atenge chupa na vyuma vya kuuza yadi. Kinachobaki hubebwa hadi jaa la Dandora, kilomita chache kutoka Makadara, ambako akina mama na watoto hukipekua upya wakitafuta riziki. Taka hatari za nyumbani zinastahili chombo cha kando ndani ya nyumba na mahali pa kando mtaani. Makadara ina kila kitu kinachohitajika kuanzisha mpango huo, na kila mwezi tunaoupitisha bila kuanza unalipiwa na afya ya watu ambao hatuwajui hata majina.

Taka hatari ni zipi?

Wengi wakisikia maneno hayo hufikiria viwanda vya Lunga Lunga Road au vyumba vya upasuaji hospitalini. Kwa kuwa Makadara imepakana na Industrial Area, ni rahisi kunyooshea viwanda kidole na kusahau kabati la jikoni. Lakini kipimo ni kimoja kwa kiwanda na kwa nyumba ya chumba kimoja. Kitu ni hatari ikiwa kinashika moto upesi, au kinaunguza ngozi na kula chuma, au kinalipuka na kutoa gesi kikichanganywa na kingine, au kina sumu inayodhuru mwili.

Kwa kipimo hicho, nyumba chache sana za Makadara hazina taka hatari. Mafuta ya taa, thina ya rangi na petroli iliyowekwa akiba ya jenereta vinashika moto. Asidi ya betri ya gari na dawa ya kuzibua sinki vinaunguza. Mkebe wa dawa ya kupuliza hulipuka ukitupwa motoni, hata ukidhaniwa kuwa mtupu. Jiki iliyobaki ikimwagwa choo kimoja na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Katika ploti ambayo familia nyingi hutumia choo kimoja, mpangaji mmoja anaweza kumwaga hiki na jirani yake akamwaga kile dakika tano baadaye, kila mmoja akiwa na nia njema ya kufanya usafi.

Kisha kuna sumu zisizotoa harufu wala moshi. Taa za kuokoa umeme zilienea sana nchini tangu mwaka 2010, Kenya Power ilipogawa zaidi ya milioni moja bila malipo. Zilipunguza gharama ya umeme, lakini kila moja ina chembe ya zebaki, kwa kawaida chini ya miligramu 5. Balbu moja ikivunjika si msiba. Maelfu yakivunjwa jaani na kwenye mikokoteni, zebaki hiyo hugeuka mvuke na kuvutwa na wanaofanya kazi hapo, na inayobaki huteremka mtoni. Ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, zimekubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya taa hizo kati ya nchi na nchi ukome ifikapo mwisho wa mwaka 2025. Zile zilizokwisha kuingia majumbani zitaendelea kuungua na kutupwa kwa miaka kadhaa baada ya hapo.

Dawa ya panya na ya mende nayo ina hatari yake. Ile inayotangazwa kwa kipaza sauti vituoni na sokoni mara nyingi hufungwa kwenye kipande cha karatasi au kichupa kisicho na lebo. Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, ndiyo yenye jukumu la kusajili dawa kama hizi, na lebo ndiyo inayoeleza kilichomo, namna ya kukitumia na namna ya kutupa kilichobaki. Kichupa kisicho na lebo kinamwacha mnunuzi gizani. Mtoto akikilamba, daktari naye anaachwa gizani, kwa sababu hajui anatibu sumu gani.

Mafuta ya taa yanayowekwa katika chupa ya soda ni chanzo cha zamani cha misiba ya watoto. Mtoto huiona chupa anayoijua, akapiga funda moja. Hatari kubwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu, kwa maana mafuta huteleza na kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa ili atapike. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ibebwe pamoja naye.

Watoto wa Dandora

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Limeenea kwenye ekari 30 hivi, na serikali ya jiji ilikiri tangu mwaka 2001 kwamba limejaa. Taka zimeendelea kumwagwa hapo hadi leo kwa sababu jiji halijapata mahali pengine.

Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri humu humu Nairobi, lilitoa utafiti kuhusu watoto wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Watoto na vijana 328 wa kati ya miaka 2 na 18 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa mpaka wa hatari. Wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Udongo nao ulionyesha risasi na kadimiamu kupita viwango vinavyokubalika.

Tangu hapo sayansi imekuwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi kuliko mwili wa mtu mzima. Risasi hushambulia ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza, kukumbuka na kutulia darasani, na madhara hayo hayarudi nyuma hata dawa zikitolewa. Mzazi anaweza kulipa karo na kununua vitabu, na bado mtoto wake akarudishwa nyuma na vumbi analolivuta akienda shuleni.

Risasi hiyo haikuota jaani. Ilifika ikiwa ndani ya betri, rangi za zamani, nyaya na vipande vya redio na televisheni vilivyotoka mitaani kwetu. Taka za vifaa vya umeme peke yake Kenya inakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 50,000 kwa mwaka. Ulimwenguni zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa njia inayofaa.

Palipo na skrapu, pana moto. Nyaya huchomwa ili plastiki iishe na shaba ibaki. Moshi ule mweusi hubeba daioksini, sumu ambayo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Hali ni hiyo hiyo kwenye vichochoro vya Viwandani ambako mkokoteni haufiki na wakazi hukusanya taka pembeni na kuziwasha jioni. Anayewasha anatamani uchafu uondoke mbele ya mlango wake, na kwa macho unaondoka kweli. Unarudi kwa dirisha.

Fundisho la Owino Uhuru

Anayetaka kujua betri kuukuu ya gari inaweza kufanya nini, aende Owino Uhuru, kijiji cha wapangaji kilicho Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri ili kupata risasi kiliendesha shughuli ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo, mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwa mtoto. Aliacha kazi akaanza kuwatetea majirani, akakamatwa na kutishwa, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kesi ilipanda ngazi za rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo.

Kesi ile ilihusu kiwanda na taasisi za serikali zilizozembea, lakini malighafi yake ilikuwa betri za kawaida, za magari na za sola, zilizouzwa na watu wa kawaida bila kuuliza zinakokwenda. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi pamoja na asidi. Anayeipasua kwa nyundo uani ili auze risasi huimwaga asidi ardhini na kuacha vumbi ambalo mtoto atalichezea kesho. Betri hiyo hiyo ikirudishwa nzima kwa muuzaji wa betri mpya, mara nyingi mteja hupunguziwa bei, na karibu risasi yote inaweza kutumika tena.

Mtaro hauishii mtaani

Mazoea mengine yaliyokita mizizi ni kumwaga. Oili chafu ya gari humwagwa mtaroni. Thina iliyosafishia brashi hutiwa kwenye shimo la bafu, na tembe kuukuu hupigwa maji chooni. Mitaro ya Makadara huteremka hadi Mto Ngong, unaopita Viwandani na kuungana na Mto Nairobi mashariki mwa jiji. Huo nao huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaonywesha ng'ombe na kumwagilia sukumawiki maji hayo hayo, na mboga nyingine hurudi kuuzwa katika masoko yetu.

Makadara inajua kuliko mtaa wowote nchini kile ambacho mtaro unaweza kubeba. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ya Kenya ikaingia kwenye mtaro unaopita Sinai, Viwandani. Wakazi walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Msiba ule haukutokana na taka za nyumbani, na haungepaswa kubebeshwa wanyonge walioungua. Lakini ulitufunza kwa uchungu kwamba mtaro wa Eastlands, upande huu wa mashariki ya jiji, hupita mlangoni mwa mtu, na chochote kinachotiwa juu hupita mbele ya watoto walio chini.

Ya kufanya nyumbani kwako

Anza na chombo kimoja chenye kifuniko, ndoo ya rangi iliyooshwa au boksi gumu, kikae juu mahali mtoto hafiki na mbali na jiko. Humo weka betri ndogo, chaja zilizokufa, simu mbovu na balbu zilizofungwa kwa gazeti. Betri za simu zibandikwe utepe wa plastiki kwenye ncha zake, maana zikigusana na chuma huweza kushika moto. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa tena.

Taa ya kuokoa umeme ikivunjika, fungua madirisha na utoke na watoto kwa robo saa. Usifagie, kwa sababu ufagio hutawanya zebaki. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, okota vumbi kwa utepe wa kunata, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko.

Dawa zilizopitwa na muda zipelekwe kwanza kwa mfamasia au kituo cha afya na uulize kama wanazipokea. Ikishindikana, zitoe kwenye paketi zake, zichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika ili asiwepo wa kuzitamani, zifunge vizuri ndipo uzitupe. Ondoa jina lako kwenye paketi. Usizigawie jirani na usizitie chooni. Viuavijasumu vinavyofika mtoni hufundisha vijidudu kuvumilia dawa tunazozitegemea.

Sindano na wembe vitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya jiki, ifungwe ikifika robo tatu na iandikwe kwa herufi kubwa: SINDANO. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kijana wa mkokoteni anayedungwa na sindano yetu hakujichoma mwenyewe, na akiambukizwa homa ya ini au HIV, pole yetu haitamsaidia. Mgonjwa anayejidunga nyumbani aulize kliniki yake mahali pa kurudishia chupa hiyo.

Oili chafu ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na ipelekwe kwa gereji inayouzia wakusanyaji wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Rangi ya maji iliyobaki igawiwe anayepaka ukuta, au iachwe ikauke wazi kabisa kabla ya kutupwa. Mtungi uliokuwa na kemikali ya kiwanda usiwekwe maji ya kunywa hata ukioshwa mara kumi, na uuzwapo kwa bei nafuu sokoni, ulizia kilichokuwamo. Simu, kompyuta na redio mbovu zina mahali pa kwenda: WEEE Centre, iliyoanza mwaka 2012, iko Utawala, upande huu huu wa mashariki ya jiji, na hupokea taka za vifaa vya umeme na kuzivunja kwa utaratibu.

Njia nyepesi kuliko zote ni kununua kidogo. Robo lita ya thina ikitosha, usinunue lita. Taa ya LED haina zebaki. Dawa yenye lebo ina bei kidogo zaidi, lakini angalau unajua unalala na nini chini ya kitanda.

Deni la kaunti na wenye viwanda

Si haki kumtwika mpangaji mzigo wote. Akitenga taka zake vizuri wiki nzima kisha lori likazichanganya Jumamosi, jasho lake limepotea, na hatarudia. Hapo ndipo serikali inadaiwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na inaiweka kazi ya kuzoa na kutupa taka mikononi mwa kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaagiza taka zitengwe zinapozalishwa na inazitaka kaunti kujenga vituo vya kuzichambua. Sheria hiyo hiyo inawabebesha watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la kushughulikia mabaki ya kile wanachouza, na kanuni za kulitekeleza jukumu hilo zilitangazwa mwaka 2024. Anayeuza betri, balbu, simu, rangi na dawa za wadudu Makadara anapaswa kugharamia kuzikusanya zikishachoka. Sheria ipo. Kinachokosekana ni pipa mtaani.

Na pipa hilo lina mahali pa kuwekwa. Mitaa hii ilijengwa pamoja na kumbi zake za kijamii, kama ule wa Kaloleni na ule wa Jericho, ambako vizazi vimecheza ndondi, vimefunga ndoa na kufanya siasa. Ina masoko, makanisa, misikiti, shule na vituo vya afya ambavyo kila mkazi anajua njia yake. Ina vyama vya wakazi na vikundi vya vijana vinavyojua kila mlango. Ina pia wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba, ambao serikali ilizindua mpango wao mpya Septemba 2023 na kuwaajiri zaidi ya 100,000 kote nchini. Kasha moja la chuma lenye kufuli na matundu matatu, la betri na vifaa vya umeme, la balbu, na la dawa na sindano, likiwekwa kwenye ukumbi au kituo cha afya na kuondolewa mara moja kwa mwezi na msafirishaji mwenye leseni, lingeondoa sehemu kubwa ya sumu kwenye mkokoteni.

Vijana wa mkokoteni wenyewe wawe wa kwanza kufikiriwa. Wapewe glavu nene, buti na chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda. Wafunzwe kutambua taka hatari, na walipwe kwa kila kilo wanayoileta kwenye kasha badala ya kuachwa waipasue ili wapate shilingi. Wao wanaijua kazi hii kuliko ofisi yoyote, na mpango utakaowaruka utakufa.

Wawakilishi wa wadi nne za Makadara, yaani Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee na Makongeni, wana uwezo wa kuuliza swali hili katika Bunge la Kaunti ya Nairobi na kudai fungu la bajeti. Gharama ya makasha machache haiwezi kulinganishwa na gharama ya kumtibu mtoto mmoja aliyelemazwa akili na risasi, tiba ambayo hata hivyo hairudishi kilichopotea.

Wewe msomaji usingoje kasha. Leo jioni, kabla hujafunga mfuko, toa betri, toa sindano, toa balbu, viweke kando. Mwambie jirani wa mlango wa pili afanye vivyo hivyo. Mkutano wa wakazi ukiitishwa, simama umuulize mwakilishi wako wa wadi: sisi tumetenga, nyinyi mtazichukua lini? Mtaa mzima ukiuliza swali hilo kwa sauti moja, kaunti haitakuwa na pa kujificha.